Makazi ya Ukoma ya Mwena: Tuanze na Wenyewe

Mgeni akifika Mtwara hupelekwa Mikindani kuliona Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Si vibaya. Boma lile lilikarabatiwa, likapewa kazi ya hoteli, ndiyo maana limesimama. Wachache huambiwa waendelee na barabara ya Masasi mpaka Mwena, jirani na Ndanda, ambako waliougua ukoma walitengewa makazi yao chini ya Wabenediktini, wamisionari walioanzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kutoka Ujerumani, alikuwa miongoni mwa waliowatibu. Jina lake limo vitabuni. Ya waliolima, waliojenga na kuzikana kwenye makazi ya namna hii ni nadra kuyakuta.

Walikujaje, na kwa nini walibaki?

Ukoma huletwa na bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Si laana, wala haurithiwi. Kabla ya dapsoni kuanza kutumika miaka ya 1940, tegemeo lilikuwa mafuta ya chaulmoogra, sindano chungu zenye faida haba, na mtu aliagana na kwao bila kujua kama atarudi. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba mseto. Leo hutolewa bure, miezi 6 au 12 kulingana na wingi wa vimelea, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena.

Basi mbona waliopona hawakurudi? Wengine shamba lilishagawanywa na ndugu. Wengine walioana hukohuko makazini, wakazaa watoto wasio na ugonjwa wowote. Ukimuuliza bibi wa namna hiyo lini atarudi kwao, umemkosea: yuko kwao.

Viatu ni kumbukumbu

Watu husema vidole vya mgonjwa hudondoka. Havidondoki. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, hisi zikafa. Mama anaipua sufuria kwa mikono mitupu, haoni moto; kinachomshtua ni harufu ya ngozi yake mwenyewe ikiungua. Kidonda kisipotunzwa hula nyama na mfupa. Kwa hiyo ndara kuukuu yenye raba laini ndani na kipande cha tairi chini, ambayo mtu angeitupa jalalani, ichukueni muitunze. Iliokoa mguu. Pamoja nayo tunzeni beseni la kulowekea miguu kila siku kabla ya kuipaka mafuta, na fimbo iliyochongewa kiganja kisicho na vidole.

Nani alinde?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Makazi ya ukoma ni ya karne ya 20, hivyo yanahitaji waziri ayatangaze. Msisubiri tangazo. Paa likivuja, nyumba ya udongo haivumilii masika mawili.

Kwetu sisi, mfano bora ni Kalaupapa, makazi ya ukoma ya Hawaii. Marekani ilipoifanya hifadhi ya taifa mwaka 1980, sheria iliwahakikishia wagonjwa wa zamani haki ya kuishi pale kadiri watakavyo na kulindiwa faragha yao. Wageni waliwekewa kikomo cha 100 kwa siku. Nyumba zilikuja baada ya watu.

Hapa kwetu, anzeni na wazee. Pigeni hodi, ombeni ruhusa, kisha rekodini kwa simu wakisimulia harusi, kilimo na ngoma zao, si ugonjwa tu. Msipige picha mikono wala miguu bila mwenyewe kuridhia. Rejesta za wagonjwa zihifadhiwe pakavu, mbali na mchwa. Majina yaliyomo yasibandikwe ukutani. Mipaka ya makaburi ipimwe mapema na iandikwe katika ofisi ya kijiji, kabla mikorosho ya jirani haijayameza.

Shule ikitaka kuleta wanafunzi, mwalimu apange siku na wazee. Jumapili ya mwisho ya Januari, Siku ya Ukoma Duniani, wageni huja na sabuni, sukari na kamera. Miezi mingine kumi na moja wazee wanapenda pia kuongea. Na mwanafunzi atakayejikuta na baka lililofifia lisilosikia hata akilifinya, asilifiche. Apelekwe zahanati wiki hiyohiyo.