Uso Wako Si Sufuria

Haya wadogo zangu, sogeeni tuongee. Swali la wiki hii limetoka kwa wengi wenu, hasa nyinyi mliopanga Embulbul na kusoma Karen: "Dada, naosha uso mara nne kwa siku na bado chunusi zinanizidi. Nifanye nini tena?"

Nawaelewa, maana na mimi nilipita hapo. Nilikaa bedsita huko huko Bulbul, maji ya kununua kwa mtungi. Alfajiri nagombania matatu ya 111 ili niwahi darasa la saa mbili, jioni narudi na vumbi la barabara nzima usoni. Nikajiambia chunusi ni uchafu. Basi nikawa nausugua uso kwa kipande kile kile cha sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu, hadi nikicheka ngozi inaniwasha. Chunusi hazikuhama. Ziliita jamaa zao.

Sikia, mdogo wangu: chunusi haianzii juu. Chini ya ngozi kuna tezi za mafuta, na homoni za ujana huzichochea. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu cha ngozi huziba, bakteria wakazaana humo ndani, pakavimba. Sabuni ya kufulia haifiki huko. Inakwangua tu ngozi ya juu, na ngozi iliyochubuka huzidi kuvimba. Sufuria ndiyo inayosuguliwa.

Kwa hivyo osha mara mbili: asubuhi na usiku, na ukitoka jasho jingi. Kopo moja la maji ya vuguvugu linatosha, hata wiki ile mtungi umepanda bei. Tumia sabuni laini ya uso isiyo na marashi, kwa vidole, kisha jikaushe kwa kubonyezabonyeza taulo safi.

Usiku, paka dawa moja. Kwenye duka la dawa uliza benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Usikimbilie ya 10 ukidhani itafanya haraka. Mara nyingi kinachozidi ni muwasho. Paka kidogo, nyembamba, eneo lote linaloota, si juu ya kile kichwa cha chunusi pekee. Na tahadhari: dawa hii hung'oa rangi ya nguo. Foronya yangu ya zambarau ilibaki na ramani nyeupe ya shavu langu hadi nikamaliza chuo. Wewe wa hijabu nyeusi, subiri ikauke kwanza. Ipo pia adapalini, ya kupaka usiku, lakini ukiwa mjamzito au unatarajia kushika mimba, usiiguse.

Sasa subira. Dawa hizi huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Hesabu: ni karibu muhula mzima. Ukianza wiki ya kufungua chuo, usijipime kwenye CAT ya kwanza, subiri mtihani wa mwisho. Wengi wenu hubadilisha dawa kila wiki mbili, halafu mnasema hakuna inayofanya kazi.

Una chunusi za paji la uso peke yake? Angalia kichwani. Umesukwa, ukamwagia mafuta mazito ya nywele, yakateremka polepole hadi kwenye paji. Paka mafuta mistarini tu, na ubadilishe foronya kila wiki. Julai nayo, ukungu ukishuka kutoka milima ya Ngong na ngozi ikakakamaa, usikimbilie mafuta ya nazi. Chukua losheni nyepesi isiyoziba vitundu. Na jua letu la karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,800, lina makali hata kukiwa na baridi. Ngozi nyeusi chunusi ikipona huacha doa, na jua hulikoleza doa hilo. Asubuhi paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Na usitumbue! Doa la chunusi iliyotumbuliwa linaweza kukaa miezi.

Limau na dawa ya meno viache jikoni na bafuni. Mimi niliunguza shavu kwa limau siku mbili kabla ya kusimama mbele ya darasa zima.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni krimu niliyouziwa kwenye kibanda fulani, imepakuliwa kwenye kikopo kisicho na jina. Siku ya tatu uso uling'aa kama wa bibi harusi, marafiki wakaniulizia. Nilipoiacha, chunusi zilirudi kwa kishindo, ngozi imekuwa nyembamba na nyekundu. Krimu kama hizo mara nyingi huwa na steroidi, nyingine haidrokwinoni au hata zebaki, ambayo huharibu figo. Krimu isiyoandikwa kilichomo, iache kwa mwenyewe.

Ukiona vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yanaanza, au chunusi za kidevu zinakuja pamoja na hedhi isiyoeleweka na ndevu, usihangaike na duka la dawa. Mwone tabibu wa kliniki ya chuo, au nenda hospitali ya serikali pale Ngong, akupime na akuelekeze kwa daktari wa ngozi ikihitajika.

Narudi kwenye swali lenu: "Nifanye nini tena?" Hilo neno "tena" ndilo la kutoa. Sabuni laini, dawa moja, losheni ya jua. Kisha zima taa, kesho 111 haitakungoja.