Karata zasema atarudi

*Tuliachana mwaka jana. Kila wiki nasomewa karata za tarot kwenye simu, naambiwa atarudi. Nisubiri?* – Dada, Mombasa

Dada yangu, kinachokuchosha ni kusubiri, si karata. Tarot ilianza Italia karne ya 15 kama mchezo tu; ramli ilibandikwa baadaye, Ufaransa, karne ya 18. Utasema, mbona zinanigusa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo yaleyale ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakayapa alama za usahihi za wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5. Maneno mapana humwenea kila mtu, sembuse mwenye jeraha. Na kila "atarudi" inakuanzishia subira upya, kidonda kisikauke. Picha zenyewe, hata hivyo, si bure. Katika karata ya Vikombe Vitano, aliyoichora Pamela Colman Smith kwa toleo la London la 1909, mtu wa joho jeusi anavikodolea vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vimesimama nyuma yake. Andika viwili vyako ni vipi. Kisha usisomewe tena kwa mwezi mmoja, na namba ya anayekusomea uifute. Usingizi ukikupotea wiki mbili, au ukianza kuona heri kufa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje mwezi uishe.