Bwawa Linapungua? Pima Kwanza Kabla ya Kulaumu Jua



Mwezi wa nane nilipigiwa simu na kijana mmoja anayelima kabichi maeneo ya Mlali. Bwawa lake la turubai lilijaa masika, sasa limebaki nusu na kabichi ndiyo kwanza zinaanza kufunga. Yeye alisema ni jua, na alishaanza kutafuta hela ya turubai jipya. Nikamwambia: subiri, tupime kwanza.

Hatua ya 1: Pima kwa ndoo
Jaza ndoo maji ya bwawani, acha nafasi kidogo juu, iweke pembeni ya bwawa penye jua na upepo uleule. Weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo. Bwawani, shusha futi kamba wima kutoka kwenye bomba la kuingizia maji mpaka yanapogusa maji, uandike. Acha saa 24: usimwagilie, usijaze, na iwe siku isiyo na mvua. Vikipungua sawasawa, ni jua. Bwawa likipungua zaidi kwa wazi, linavuja.

Ya kijana wetu: ndoo ilipungua nusu sentimita, bwawa sentimita 3. Tofauti ni sentimita 2.5. Uso wa maji yake ni mita 10 kwa 8, kwa hiyo anapoteza lita 2,000 kwa siku. Hizo ni ndoo 100 za lita 20. Kila siku!

Hatua ya 2: Tafuta tundu
- Anza pale bomba linapopita kwenye turubai. Viungo ndivyo vinavyolegea mapema.
- Zunguka nje, chini ya ukingo. Kiangazi, majani mabichi au udongo wenye unyevu ni dalili.
- Pima kila asubuhi. Maji yakishuka halafu yakaanza kwenda sawa na ndoo, tundu liko karibu na usawa huo. Kagua pande zote nne.
- Ukishahisi mahali, zima pampu, maji yatulie. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, toa maziwa kidogo taratibu karibu na hapo. Yakivutwa kuelekea sehemu moja, umelipata.

Sisi tulilikuta chini ya chujio la chuma la pampu. Lilikuwa linasugua turubai kila anapomwagilia.

Hatua ya 3: Ziba kwa kitu sahihi
Hapa wengi wanapoteza hela. Kata kipande kidogo cha turubai, kizamishe ukifuta mapovu, kisha kiachie. Kikizama, huenda ni PVC, jamii ya plastiki inayotandikwa hata kwenye mabwawa ya kuogelea. Kiraka cha PVC na gundi yake kitashika. Kikielea, ni jamii ya polithini. Gundi ya kawaida haishiki vizuri, tafuta fundi wa kuunganisha kwa joto. Shusha maji chini ya tundu, safisha, kausha kabisa. Kiraka kizidi tundu sentimita 10 kila upande, na kona zake ziwe za mviringo ili zisibanduke.

Hatua ya 4: Zuia mapema
Kabla ya kutandika, ondoa mawe na mizizi, kisha weka mchanga laini au viroba vya zamani. Usilivute turubai likakaza. Acha lilegee kwenye kona. Fukia kingo zake kwenye mtaro. Mdomo wa pampu ufunge kwenye dumu tupu uelee. Weka uzio: mbuzi na mbwa wanatoboa, na mtoto akiteleza humo hatoki kirahisi. Funga pia kamba yenye mafundo ya kushikia.

Kwa ninyi wa milimani, Mgeta na kwingine Uluguru, neno la mwisho. Kwenye mteremko, maji yanayovuja yanalowesha udongo mpaka ukingo unaweza kuporomoka juu ya shamba au nyumba ya jirani wa chini. Ukiona nyufa kwenye ukingo, au maji ya tope yanatoka chini yake, waondoe watu walio chini, punguza maji ukiwa mahali salama, na umwite mtaalamu.

Kijana wa Mlali alitumia kiraka kimoja. Turubai ni lilelile. Na wewe kesho asubuhi, ndoo moja tu, anza kupima.