Uanaume haupimwi kwa shoka

Leo naomba tuzungumze sisi wanaume. Nilipotaka kuoa, nilikataa kitanda cha mbao laini. Nikaagiza cha mninga, na mlango wa mkongo, ili mgeni ajue kuwa nyumba ile ina mwanamume. Sikuuliza miti ile ilikatwa wapi.

Mkaa na mbao za Rufiji na Kibiti huja Dar es Salaam kwa barabara ile ile tunayopita kwenda Lindi. Anayeshika shoka ni mwanamume, na anayejisifia mlango ni mwanamume. Lakini msitu ukiisha, anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni ni mama na binti. Je, huo ndio uanaume?

Huko Rufiji kuna kijiji cha Ngarambe. Wengi tunakijua kwa Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa kwa watu waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tukisimulia Maji Maji, tunawafundisha watoto kuwa mwanamume ni yule anayekwenda vitani. Ni kweli, lakini somo la Ngarambe haliishii hapo.

Karibu karne moja baadaye, Ngarambe na jirani yake Tapika walitenga sehemu ya ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii ya wanyamapori, kando ya Selous, ambako sehemu kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kutenga maana yake ni mwenye shoka kujizuia na mwenye bunduki kujizuia, hata pale tembo anapoingia shambani. Huo nao ni ushujaa.

Wala si jambo geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenzake kwa mieleka, bali ni anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Akafundisha pia kuwa Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, na akaweza kuupanda, basi aupande.

Mlango wangu siwezi kuurudisha msituni. Lakini wanangu wa kiume kila mmoja ana mche wake, anaumwagilia kabla ya kwenda madrasa. Na kijana atakayekuja kumposa binti yangu, sitamuuliza kitanda chake ni cha mti gani. Nitamuuliza amepanda mingapi.

Allah atuwezeshe. Amin.