Kusogeza mistari ndani kwa programu

Kwa mashini ya kuandikia tunapiga nafasi ine mbele ya mustari, kisha tunafanya vile vile kwa unaofuata. Ordinateri haioni mistari. Kwake maandiko yote ni mfuatano mmoja wa herufi, na mwisho wa mustari ni alama tu, ambayo katika Python tunaiandika \n. Basi tukiongeza nafasi ine mbele ya maandiko, mustari wa kwanza peke yake unasogea.

Wengi wanaweka nafasi ine nyuma ya kila \n. Hapo ule wa kwanza unabaki inje, na mistari mitupu inajazwa nafasi zisizoonekana. Kwa barua si kitu. Lakini kama maandiko yenyewe ni programu ya Python, angalieni sana: kule nafasi za mbele ndizo zinaonyesha mustari gani uko chini ya "if". Zikikosekana, programu inakataa, ao (mbaya zaidi) inatumika vingine bila kulalamika.

Tangu Python 3.3, ya mwaka 2012, iko njia tayari, na sisi tunaipenda:

import textwrap
mapya = textwrap.indent(maandiko, "    ")

Inasogeza mistari yote, wa kwanza pia. Ile mitupu inaiacha. Kwa kurudisha inje iko textwrap.dedent, nayo inaondoa zile nafasi tu ambazo mistari yote yenye maneno inazo pamoja.