Kukauka au Kuganda? Istilahi za Kuunda Vipande vya Nyuzi za Kaboni Nyumbani, kwa Kuzingatia Kazi ya Katani Kitui na Makueni

Utangulizi

Mara nyingi mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili huanzia ofisini na kuishia kamusini. Makala hii inakusudia kuufikisha mezani pa kazi. Tutamfuata mwanafunzi anayeanza kuunda kipande cha nyuzi za kaboni nyumbani, naye atatudhihirishia kwamba uteuzi wa neno moja unaweza kuamua iwapo kipande kitakuwa kigumu au kitabaki kunata milele. Eneo tulilolichagua ni Kitui na Makueni, kwa sababu huko ujuzi wa nyuzi ni wa kale na msamiati wake u hai. Kibwezi kuna mashamba makubwa ya mkonge, na wanawake wa Kikamba wamesuka viondo kwa vizazi vingi, kwanza kwa nyuzi za magome ya miti kama mbuyu, na baadaye pia kwa katani. Hata jina kiondo lina ndugu yake katika Kikamba, kyondo, wingi syondo. Mwanaisimu ataona mara moja ngeli ya KI-VI ikisalimiana na jirani yake.

Uzi uliogeuzwa makaa

Nyuzi za kaboni ni nini? Mchoma makaa wa Kitui angelielewa jibu upesi kuliko wengi wetu. Yeye hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyachoma kwa hewa kidogo sana. Kama hewa ingeingia kwa wingi angepata jivu. (Serikali ya kaunti hiyo ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, lakini ujuzi wa tanuri ungalipo.) Kiwandani, uzi wa plastiki iitwayo poliakrilonitrili hupashwa moto hadi kupita nyuzijoto 1,000 mahali pasipo oksijeni, na kinachobaki ni karibu kaboni tupu. Thomas Edison alifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 1879 alipouchoma uzi wa pamba ili kupata waya wa taa yake, ingawa uzi wake haukuwa na nguvu za huu wa leo.

Hatua hiyo haifanyiki nyumbani. Anayeanza hununua kitambaa kilichokwisha kufumwa, naye huunda kipande tu. Sentimita moja ya ujazo ya nyuzi hizi ina uzito wa takriban gramu 1.8, ilhali ya chuma ina gramu 7.8. Hapo ndipo thamani yake ilipo.

Mtande na mshindio

Kitambaa cha kaboni kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazozikata kwa upana. Msusi wa kiondo anazifahamu zote mbili: huanzia kitakoni, akaacha nyuzi za mtande zikipanda, kisha akazizungushia za mshindio. Tunapendekeza maneno haya yatumiwe bila kusita. Uzi una nguvu kwa urefu wake, na kwa ubavu hauna. Kwa hiyo matabaka hupangwa mengine yakielekea mbele na mengine yakielekea upande, ili kipande kisipasuke kikipindwa.

Kuna tofauti moja ya kuangaliwa. Msusi husokota katani ili iwe imara. Uzi uliosokotwa sana haunywi ulimbo vizuri, kwa hiyo anayetaka kujifunza kwa katani kabla ya kugharimia kaboni (nasi twamshauri afanye hivyo) atumie katani iliyochanwa tu, isiyosokotwa, tena aianike juani hadi ikauke kabisa.

Kauli iliyo kiini cha makala

Tumesema katani ikauke. Katani hukauka kwa sababu maji huitoka. Je, ulimbo wa epoksi nao hukauka? Katika karakana nyingi utasikia hivyo, na hapo ndipo palipo na hatari. Epoksi haikauki, kwa maana hakuna kitu kinachotoka ndani yake. Vimiminika viwili hushikana, molekuli kwa molekuli, vikawa kitu kimoja kigumu. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani: maziwa huganda, damu huganda. Basi epoksi huganda, na kimiminika cha pili ni kigandishi, kutokana na gandisha, kwa muundo uleule wa kiunganishi na kirutubishi. Kigumishi limependekezwa na baadhi ya wenzetu. Hata hivyo, ikiwa -refu hutupa refusha, kwa nini -gumu isitupe gumusha? Kigandishi hakituletei ubishi huo.

Fundi wa faiba hubisha kwamba hili ni suala la maneno tu. Sivyo. Yeye amezoea poliesta, ambayo hutiwa kichocheo cha asilimia 1 hadi 2, na asubuhi ya baridi huongeza kidogo ili kazi iende haraka. Kichocheo huharakisha tu. Kigandishi cha epoksi ni sehemu ya kitu chenyewe. Kikizidi, ziada hukosa mwenza wa kushikana naye, na kipande hubaki laini. Anayeviita vyote viwili dawa ya kukausha atazidisha, kisha ataanika juani kitu ambacho jua halitakiponya.

Kipande cha kwanza

Madigadi ya pikipiki ni kishawishi kikubwa, lakini kalibu yake ina mipindo. Bamba bapa juu ya kioo latosha kwa kuanzia. Kioo kisafishwe na kupakwa nta mara kadhaa, kila mara kisuguliwe, ili ulimbo usishikamane nacho. Kata vipande 4 vya kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kila kimoja sentimita 30 kwa 30. Vyote vina uzito wa gramu 72, na kazi ya mkono huhitaji ulimbo wa uzito unaokaribia huo, pamoja na wa kupotea kikombeni. Ikiwa kopo limeagiza 100 kwa 30, pima kwa mizani gramu 70 za ulimbo na 21 za kigandishi, ukoroge polepole. Usichanganye kingi na kukiacha kikombeni, maana kuganda huzaa joto, na kikombe kilichojaa huweza kufuka moshi.

Paka kioo, laza tabaka, libonyeze kwa brashi mpaka viputo vitoke, kisha laza la pili. Bamba litakuwa na unene wa takriban milimita 1. Liache saa 24 kabla ya kulibandua. Glavu zivaliwe tangu mwanzo, kwani epoksi mbichi huleta mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki. Wakati wa kukata na kupiga msasa, barakoa ni lazima na maji yatumike kuzuia vumbi. Vumbi hilo hupitisha umeme, kwa hiyo kazi hiyo ifanyiwe mbali na soketi na mashine zilizowashwa.