Liki za Bluzi na Istilahi za Gitaa: Ukwapi wa Sauti, Utao wa Nyuzi

Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza gitaa hukabiliwa na masomo mawili kwa wakati mmoja: somo la vidole na somo la maneno. Vidole vinaweza kufunzwa kwa kumtazama mwenzake, lakini pasipo maneno hawezi kuuliza alipokosea wala kumweleza mwingine alichokipata. Makala haya yananuia kufafanua istilahi za kimsingi za upigaji gitaa kwa Kiswahili, na kuonyesha jinsi liki za bluzi zinavyoweza kujifunzwa kwa utaratibu. Hoja kuu ni kwamba liki si pambo la kuonyeshea wepesi wa vidole. Liki ni jibu, na jibu halieleweki mpaka kauli inayojibiwa ijulikane.

Usuli wa Bluzi

Bluzi ilizuka miongoni mwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini mwa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika jamii iliyokuwa imetoka utumwani lakini ingali imegandamizwa. Mwaka 1912 W. C. Handy alichapisha muziki wa "The Memphis Blues", na mtindo huo ukaanza kusambaa kwa maandishi. Mwaka 1936 na 1937 Robert Johnson wa Mississippi alirekodi nyimbo 29 katika miji ya San Antonio na Dallas. Alifariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Muddy Waters naye alihamia Chicago mwaka 1943, na huko gitaa la umeme likaipa bluzi sauti ya mjini.

Umbo la Ubeti wa Bluzi

Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili ana ufunguo mkononi tayari. Mshororo wa shairi la kawaida hugawanyika vipande viwili, yaani ukwapi na utao. Ubeti wa bluzi uliozoeleka una mishororo mitatu: wa kwanza hutoa kauli, wa pili huirudia, na wa tatu huifunga. Kila mshororo huchukua vipimo vinne vya muziki, na kila kipimo kina mapigo manne. Jumla yake ni vipimo 12, na ndiyo sababu umbo hili huitwa bluzi ya vipimo 12.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwimbaji hatumii vipimo vyote vinne. Kwa kawaida huimba takriban viwili, kisha hunyamaza. Nafasi iliyobaki ni ya gitaa. Kwa hivyo, ukwapi ni wa sauti ya binadamu, na utao ni wa nyuzi. B. B. King (1925–2015) alijulikana kwa desturi hiyo: alipoimba, gitaa lake lilinyamaza, alipomaliza kauli, gitaa lilijibu. Utaratibu huu hauna tofauti kubwa na ule wa ngoma, ambapo mwimbishaji hutoa na waitikiaji hupokea.

Istilahi za Kimsingi

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ni mwembamba kuliko zote na wa sita ni mnene kuliko zote. Kutoka wa sita hadi wa kwanza, nyuzi hulinganishwa kwa sauti za E, A, D, G, B na E. Freti ni vipande vyembamba vya chuma vinavyokingama shingo ya gitaa. Kusogea freti moja ni kupanda au kushuka nusu toni, na freti mbili ni toni nzima. Piki ni kibapa kidogo cha kudonolea nyuzi.

Koadi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Neno hili huleta utata likitoholewa kuwa "kodi", kwa kuwa kodi ya nyumba na ya serikali imekwisha kulimiliki umbo hilo. Ndiyo maana makala haya yanatumia umbo "koadi". Vivyo hivyo, neno "kipimo" limependelewa badala ya "baa", kwa sababu baa ni mahali pa vileo na tena ni balaa. Mifano hii miwili inadhihirisha kuwa utohozi pekee hautoshi: istilahi huchunguzwa kwanza isije ikagongana na jirani zake.

Liki ni kifungu kifupi cha noti chenye mwanzo na mwisho, ambacho mpigaji hukihifadhi na kukitumia panapofaa. Katika lugha, mfano wake wa karibu ni methali. Anayejua methali mia moja bila kujua zitumike lini bado si msemaji.

Mbinu zinazoipa liki ladha ni hizi zifuatazo:

Kupinda: kuusukuma uzi kando kwa kidole ili sauti ipande bila kubadilisha freti.

Kugonga: kudona noti moja kisha kuangusha kidole kingine kwenye freti ya juu yake, noti ya pili ilie bila kudonwa.

Kuchopoa: kinyume cha kugonga, kidole hutoka kwa kuukwaruza uzi kidogo ili noti ya chini ilie.

Kutelezesha: kuhamisha kidole kutoka freti moja hadi nyingine bila kukiinua.

Kutetemesha: kuutikisa uzi kwa kidole ili noti ndefu iwe na mawimbi kama sauti ya mwimbaji.

Kubana: kuugusa uzi kwa wepesi ili sauti ikatike.

Ramani ya Vidole

Katika ufunguo wa A, ngazi ya bluzi huwa na noti A, C, D, E na G, pamoja na noti ya bluu iliyo kati ya D na E. Mahali pepesi pa kuanzia ni freti ya 5. Kwenye uzi wa sita, wa pili na wa kwanza hutumika freti za 5 na 8. Kwenye uzi wa tano, wa nne na wa tatu hutumika freti za 5 na 7. Noti ya bluu hupatikana kwenye freti ya 6 ya uzi wa tano na freti ya 8 ya uzi wa tatu.

Koadi zinazosindikiza ni tatu. Mshororo wa kwanza hukaa kwenye A7 kwa vipimo vinne. Wa pili huanza na D7 kwa vipimo viwili, kisha hurudi A7 kwa viwili. Wa tatu huwa na E7 kipimo kimoja, D7 kipimo kimoja, halafu A7, na kipimo cha 12 mara nyingi hutumia E7 ili kuita ubeti unaofuata.

Liki Tatu za Kuanzia

Liki ya kwanza ni ya kupinda. Mwanafunzi adone uzi wa tatu kwenye freti ya 7 na kuupinda toni nzima, yaani kutoka D hadi E. Afuatishe uzi wa pili freti ya 5, kisha uzi wa kwanza freti ya 5. Arudi uzi wa pili freti ya 8 na ya 5, achopoe uzi wa tatu kutoka freti ya 7 hadi ya 5, na amalizie uzi wa nne freti ya 7, ambayo ni A. Kosa la kawaida ni kupinda kwa kidole cha pete peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa: cha kati na cha shahada visaidie kusukuma. Ili kuhakikisha sauti imefika, alinganishe noti iliyopindwa na uzi wa pili freti ya 5. Zote mbili ni E, na sikio litatambua upungufu wowote.

Liki ya pili ni fupi mno, ila ndiyo yenye siri ya bluzi. Mwanafunzi adone uzi wa tatu freti ya 5, yaani C, aupinde kidogo tu, pungufu ya nusu toni, kisha ajibu kwa uzi wa nne freti ya 7. Koadi ya A7 ina C iliyopandishwa nusu toni, ilhali kidole kinapiga C ya kawaida. Mvutano wa sauti hizo mbili, pamoja na ule mpindo usiofika mwisho, ndio unaoleta kilio cha bluzi. Akipinda mpaka nusu toni kamili, kilio hicho hutoweka.

Liki ya tatu ni ya mrejesho, yaani ile inayofunga ubeti na kufungua mwingine katika vipimo vya 11 na 12. Kidole kidogo kibaki kwenye uzi wa kwanza freti ya 5. Wakati huohuo, uzi wa nne ushuke hatua kwa hatua: freti ya 5, ya 4, ya 3 na ya 2. Nyuzi hizo mbili zidonwe pamoja kila hatua, kisha koadi ya E7 ifuate. Sauti ya juu inatulia huku ya chini ikiteremka, na msikilizaji hujua kuwa ubeti umekwisha.

Utaratibu wa Mazoezi

Mapigo ya bluzi mara nyingi si sawasawa. Kila pigo hugawanywa mara tatu. Sehemu mbili za kwanza huunganishwa na ya tatu hubaki peke yake, hata ukapatikana mwendo wa ndefu-fupi, ndefu-fupi. Mwanafunzi aupige mwendo huo kwa mguu kabla ya kushika gitaa, akianza na mapigo 60 kwa dakika.

Baada ya hapo aimbe au atamke kauli yoyote ya Kiswahili kwa vipimo viwili, anyamaze, kisha ajibu kwa liki moja kwa vipimo viwili vinavyobaki. Arudie kauli ileile na liki ileile katika mshororo wa pili, na asikie jinsi koadi ya D7 inavyoibadilisha maana ya liki isiyobadilika. Katika mshororo wa tatu abadilishe kauli, na liki ya mrejesho ifunge. Zoezi hili humfunza jambo ambalo kasi haiwezi kumfunza: kunyamaza. Liki inayopigwa juu ya maneno ya mwimbaji ni sawa na mtu anayejibu salamu kabla hajasalimiwa.

Hitimisho

Gitaa si mgeni katika Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, nchini Kongo, akipiga "Masanga" kwa gitaa, naye alikuwa mwimbaji wa nyimbo za Kiswahili. Mtindo wake haukuwa bluzi, lakini ni ushahidi kwamba lugha hii imeshaishi na nyuzi sita kwa miongo mingi. Kilichochelewa ni lugha ya kufundishia. Watu huimba kwa Kiswahili, kisha hueleza walichokipiga kwa lugha nyingine. Kupinda, kugonga, kuchopoa na kutetemesha ni vitenzi ambavyo kila msemaji anavyo tayari. Vinachohitaji ni kutumiwa mbele ya gitaa. Mwanafunzi anayeweza kumwambia mwenzake "umepinda pungufu" amempa masahihisho yenye faida, na somo limepita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.